Injini ya mvuke ya mgodini: uanzie Upanga au kwenye kutu?

Ubishi hauishi: historia ya injini ya mvuke iliyobaki kwenye mgodi wa zamani iko kwenye mafaili au kwenye chuma chenyewe?

Kwa gharama, Nyaraka za Taifa pale Upanga, Dar es Salaam, ni nauli ya daladala tu. Mgodi wa dhahabu wa Sekenke kule Iramba, Singida, ni basi, kulala na kula. Ila mafaili ya enzi za Mjerumani yako kwa Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa kale. Utakodolea macho ukurasa mmoja hadi adhuhuri.

Kwa uhakika, chuma hakina porojo. Sugua kutu kwa brashi ya waya, paka chaki, namba ya kiwandani inajitokeza. Lakini namba haisemi mashine ilikopita, na nyingi ziliuzwa mitumba, mgodi hadi mgodi. Na hata injini ya mgodi wa Levant, Cornwall, Uingereza, iliundwa 1840, ikazimwa 1930, ikatoa mvuke tena 1993. Kibati cha namba hakitakusimulia hayo.

Faili litakusubiri, chuma kina wanunuzi wa skrepa.

Mwenye mfuko mwepesi na Kijerumani kidogo aanzie Upanga. Mwenye jamaa Singida na buti imara, kutu inamfaa zaidi.