Matema: ziwa halina lawama, ila huyo msimamizi wa nyumba!

Nilikusudia kutoa nyota moja. Mume wangu anasema hasira nimezidisha, nitoe tatu. Basi niandike kwanza, nyota tutaziona huko mbele.

Ni nyumba ya kukodi ya familia pale Matema, ufukweni kabisa mwa Ziwa Nyasa. Vyumba vingapi na bei gani, someni tangazo lao, kwa hayo hawakudanganya. Tulikwenda likizo ya mwezi wa sita, ile baridi ya Mbeya ambayo mtoto anavaa sweta juu ya sweta. Tukuyu bado ukungu na mashamba ya chai, halafu gari linateremka, linateremka, na tulipofika Ipinda watoto walishabaki na fulana tu. Tulikuwa na mama yangu mzazi. Ni mzaliwa wa Rungwe, miaka sabini na kitu, na ziwa hilo alikuwa hajaliona tangu akiwa msichana. Safari nzima ilikuwa ya kwake yeye.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja, nadhani ya pili ile, mama aliamka kabla yetu. Njiani alikuwa amenunua mchele, mchele wenyewe wa Kyela, akaomba ungo jikoni, akajikalia zake kibarazani anauchagua. Kibaraza kina viti vya mbao vyenye mito, vimeelekezwa ziwani. Viatu amevua, khanga moja kiunoni, nyingine kichwani. Mimi niko dirishani napiga mswaki. Akatokea kijana msimamizi wa nyumba, funguo zinaning'inia shingoni, shikamoo hakuna.

"Bibi, hivyo viti ni vya wageni. Wanaouza vitu wanakaa kule nyuma ya jiko."

Na mama akainuka!

Hapo ndipo panaponichoma hadi leo. Angebisha, au angemcheka, ningeshasahau. Yeye akasema "haya, mwanangu", akakumbatia ungo wake, akaanza kutafuta viatu kwa mguu. Punje chache zilikuwa zimebaki kwenye mto wa kiti, na yule kijana akazipangusa kwa kiganja, mama akiwa bado amesimama palepale anamtazama. Nilitoka nje na povu mdomoni.

Nilipomwambia huyo ni mama yangu, na kwamba mgeni mwenyewe ndiye huyo, jibu lake lilikuwa: "Sasa mimi ningejuaje?" Basi, limeisha. Samahani haikutoka. Ningejuaje! Kwa hiyo angekuwa muuza ndizi kweli, ingekuwa sawa? Mama wa umri ule akija na ndizi zake hasalimiwi, anaonyeshwa nyuma ya jiko? Na sura yake huyo kijana ni ya hukohuko, hakutoka mbali. Nilimpigia mwenye nyumba, yuko Dar, akasema "pole dada, vijana wa siku hizi hao", halafu kabla sijajibu akaniuliza kama salio tutalimalizia kwa simu. Salio!

Siku ile sikula vizuri. Hata chai niliiona ina harufu ya moshi, ingawa wenzangu wote waliisifia.

Ziwa lenyewe siwezi kulisingizia. Maji ni ya baridi, hayana chumvi, mtoto anafumbua macho chini kwa chini na hayamuwashi. Milima ya Livingstone imekusimamia pale pembeni, ukiogelea chali unaiona yote. Mchana upepo wa kusini ukianza, mawimbi yanakuja kama ya baharini, hapo watoto muwatoe, msibishane nao. Samaki mbasa wa kuchoma, wali, limau. Jumamosi tulikwenda soko la Lyulilo, ambako wanawake wa Kikisi wa Ikombe wanaleta vyungu vyao kwa mitumbwi. Mama alichagua chungu kimoja muda mrefu, anakigonga kwa kucha, anasikiliza, anakirudisha, anakigonga kingine.

Na mnajua nani alikibeba chungu hicho begani hadi nyumbani? Yuleyule. Nyuma yake mama, wanaongea Kinyakyusa njia nzima. Ameshamuuliza wewe ni mtoto wa nani, babu yako alitokea wapi, mbona hujaoa. Jioni kijana akamletea kichwa cha samaki, akakiweka mbele yake kwa mikono miwili. Kumbe heshima anaijua! Hapo ndipo nilipozidi kukasirika, maana mtu asiyejua unamfundisha, huyu anajua na anachagua wa kumpa. Mama ananiambia mimi ndiye mwenye kisirani, kijana wa watu ana kazi nyingi. Labda. Nyumba ilikuwa safi, neti hazina matundu, na vyoo alivisafisha yeye kila siku, hilo nalikubali.

Haya, nyota. Nilishaandika nne. Nikakumbuka kile kiganja kinavyopangusa mto, nikafuta, nikaweka mbili. Mama anataka tano, na ameshaniuliza kama Desemba pana nafasi. Kwa hiyo tutarudi, sina ujanja. Ila mwenye nyumba, kama unasoma hapa, salio la safari hiyo silitumi kwa simu. Nitampa mkononi huyo msimamizi wako, akishamwamkia mama yangu, na akishamwamkia muuza ndizi yeyote atakayepita siku hiyo, nikiwa nimekaa palepale kwenye viti vya wageni.