Aikoni za Font Awesome ndani ya Moodle: zafaa, ila punda wa Lamu hayumo

Kwa mwalimu wa Lamu anayeandaa kozi ya waongoza watalii kwenye Moodle, mfumo wa kozi za mtandaoni, Font Awesome, yaani fonti ambayo herufi zake ni aikoni, ndiyo njia nyepesi ya kutia aikoni kando ya maandishi. Hakuna cha kusakinisha, maana tangu toleo la 3.3 Moodle yenyewe huitumia kwa alama zake. Mwanafunzi akifungua ukurasa pale Shela, fonti imeshaingia simuni. Aikoni kumi zaidi hazimli data. Picha kumi zingemla.

Washa hali ya kuhariri, ongeza eneo la maandishi, fungua menyu ya View kwenye kihariri, bofya Source code, kisha andika:

<span class="fa fa-book fa-fw" aria-hidden="true">&nbsp;</span> Soma kwanza

Uhai wa mstari huo uko kwenye &nbsp;. Maelekezo mengi hutumia tegi (alama ya HTML) ya i iliyo tupu, na kihariri cha TinyMCE hufuta tegi isiyo na kitu ndani. Ubaya wake, aikoni yaweza kukaa vizuri miezi mingi, hadi mtu aje kurekebisha herufi moja ya tahajia, ahifadhi, na zote zitoweke kwa pamoja. Nafasi hiyo ndogo huzuia hilo. Nayo fa-fw huzipa aikoni zote upana mmoja, kwa hivyo "Soma kwanza", "Tazama video" na "Jibu maswali" huanza sawasawa, moja chini ya jingine. aria-hidden huzuia kisoma skrini, programu inayowasomea wasioona, kuitaja alama. Kitasoma maneno tu.

Maneno yasiachwe kamwe. Mtandao ukilegea na fonti isifike, pale penye aikoni huonekana kimraba, lakini "Soma kwanza" bado linasomeka. Na hata ikifika, nanga ya fa-anchor kwa mmoja ni bandari, kwa mwingine ni mazoezi ya chomboni.

Angalia toleo la Moodle kabla ya kuchagua alama. Kabla ya 4.2, iliyotoka 2023, kilichomo ni Font Awesome 4.7 yenye aikoni 675, bila msikiti wala samaki. Ukiandika fa-mosque humo, hakitokei kitu na hakuna onyo lolote. Kuanzia 4.2 utapata Font Awesome 6. Dawa si kubandika kiungo cha kuleta fonti mpya kutoka nje: simu itapakua fonti ya pili, na matoleo mawili yatagombana ukurasani.

Sasa kasoro inayowahusu watu wa hapa. fa-sailboat ni mashua ya matanga mawili madogo ya Kizungu. Jahazi lenye tanga lake kwenye foromali hutalipata. fa-mosque ina kuba na mnara, ilhali misikiti mingi ya kale ya Lamu haina mnara. Punda ndiye kichekesho. Kisiwa kizima chabebwa na punda, lakini katika orodha ya bure aliyeko ni fa-democrat, yaani punda wa chama cha Democratic cha Marekani, na nyota zake mgongoni. Kwa somo la usafirishaji mizigo, afadhali mchoro wako wa PNG wa pikseli 48 kwa 48, uliotiwa alama kuwa ni pambo tu, kwa sababu neno "Punda" liko kando yake.

Majina ya shughuli hayakubali tegi. Hapo msimamizi wa mfumo aweke kichujio cha FontAwesome, programu-jalizi inayogeuza jina la aikoni kuwa alama, na kukiruhusu kwenye maudhui na vichwa, ndipo uandike [fa-book] ndani ya jina. Ni rahisi, lakini siku kichujio kikizimwa, kila kichwa cha kozi kitasomeka hivyo hivyo, mabano na yote. Kwa vichwa vitakavyodumu miaka, emoji ni salama zaidi, ingawa sura yake hubadilika kutoka simu hadi simu.