Mbolea ya maua iliyoninyima maua: uzoefu wangu na marigoldi

Kwenye mfuko kuna picha ya marigoldi za rangi ya chungwa, zimefumka hadi majani hayaonekani. Kwangu ilikuwa kinyume kabisa: majani yamesongamana, ua lenyewe ulitafute.

Sirudii yaliyoandikwa kwenye lebo, kila mtu anaweza kujisomea. Nasema zile namba tatu tu, maana ndiko tatizo liliko. Ya kwanza ni naitrojeni, ya pili fosforasi, ya tatu potasiamu. Kwenye mfuko huu ile ya kwanza ni mara tatu ya kila moja ya zilizobaki. Hiyo ni mbolea ya kukuzia! Naitrojeni inasukuma majani na shina, na ikizidi, mmea unaendelea kunenepa tu na kuchelewa kutia matumba. Marigoldi nazo hazina ulafi. Udongo wa wastani wenye mboji kidogo unazitosha. Sasa nani alikaa akaamua kitu hiki kiitwe mbolea ya maua?

Nilifuata kipimo chao, sikuongeza hata kijiko. Miche ilipaa haraka, nikafurahi. Kumbe mashina ni laini, yamejaa maji. Vidukari vikajazana kwenye ncha changa, na upepo wa kawaida tu ukailaza mimea chini. Kingo za majani ya chini zikaungua zikawa kahawia, kama inavyokuwa chumvi za mbolea zikijikusanya kwenye udongo. Wakati huohuo, miche ya mbegu zilezile niliyoiatika kwenye beseni bovu lenye udongo na mboji ilikuwa mifupi, imara, na imejaa maua.

Mbolea ningeisamehe. Kilichonichoma ni muuzaji. Nilimpelekea jani lililoungua, hata kuliangalia hakuliangalia. "Mama, mmea si umekua? Mbolea imefanya kazi yake. Maua ni bahati ya mtu." Bahati! Nikamwonyesha ile namba ya kwanza, nikamuuliza kama ana nyingine yenye naitrojeni kidogo. Akasema, wateja wote wakisikia, kwamba akina mama siku hizi tunasoma mno kwenye simu, kisha akanipa mgongo. Mtu anauza mbolea, hajui namba za kwenye mfuko zinasema nini, na anayemuuliza anamwaibisha.

Haki ya mbolea niiseme. Nilipoacha kuiweka, nikamwagilia maji mengi ili chumvi zishuke chini ya mizizi, matumba yalianza kutokeza. Nikawa nakata kila ua linalonyauka lisipate kufanya mbegu, na mengine yakafuata. Na kijani kile cha majani sijawahi kukipata kwa mbolea nyingine yoyote. Kwa mboga za majani ningeisifia kwa watu, kwa hiyo nilitaka kuipa nyota tatu.

Lakini matumba hayo yalikuja msimu ukiwa ukingoni, wakati beseni lilikuwa limeshanipa maua hadi nikagawia majirani. Hapana, nyota moja. Mimi sikununua mbolea ya mboga, nilinunua ya maua, na ile picha ndiyo iliyonitoa pesa. Waiondoe, au waandike kwa herufi kubwa kwamba ni ya kukuzia majani. Na yule muuzaji nataka aniombe radhi, tena mbele ya wateja walewale.