Tathmini ya huduma ya kupima umri wa tope la mikoko, hori ya Tudor, Mombasa

Kikundi chetu cha kutunza mikoko kilihitaji kujua tope linajaa kwa kasi gani upande wa Mikindani, kwa kuwa miche tunayopanda hufukiwa ingali michanga. Tuliagiza huduma ya maabara moja inayokadiria umri wa tope kwa isotopu nururifu, yaani atomi zinazotoa mionzi na kupungua kwa kasi inayojulikana, zikiwemo zile zilizotawanywa duniani na milipuko ya nyuklia.

Majaribio ya mabomu ndiyo yaliyoeneza seziamu-137, mojawapo ya isotopu hizo, duniani kote, na masalia yake yalishuka kwa wingi zaidi kutoka angani mnamo 1963, mwaka ambao Marekani, Uingereza na Muungano wa Kisovieti zilitia saini mkataba wa kusitisha majaribio ya angani na ya chini ya maji. Tabaka lenye seziamu nyingi kuliko mengine huhesabiwa kuwa la wakati huo.

Kazi ya mafundi ilikuwa safi. Kabla ya kudidimiza mrija, maji yakiwa yamekupwa, walizunguka wakikagua mashimo ya kaa, kwani kaa akichimba huchanganya tope la zamani na la juzi, na vipimo vyote vikaharibika. Tope lilikatwa vipande vya sentimita moja moja, likakaushwa, likasagwa, kisha likafungiwa kwa takriban wiki tatu ili radoni, gesi nururifu inayotoka ndani ya tope, isitoroke, ndipo likapimwa miale ya gama.

Nilichothamini zaidi ni ukweli wao. Maeneo ya ikweta yalipata masalia machache kuliko nchi za kaskazini. Seziamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo iliyobaki ni kama robo tu. Tena maji ya chumvi huifanya isishikamane vyema na tope. Fundi aliyetusomea matokeo alisema waziwazi, “Mama, alama ipo, lakini ni hafifu, tusiitegemee peke yake.” Waliilinganisha na risasi-210, isotopu ya metali ya risasi, ambayo ni ya asili na hupungua kwa nusu kwa miaka 22 hivi, na njia hizo mbili zikakubaliana kwamba tope linajaa kwa kasi zaidi katika miaka ya karibuni.

Lawama yangu ni moja, nayo si ndogo. Plutoniamu iliyotokana na mabomu hayohayo hushika tope la baharini kuliko seziamu, na plutoniamu-239 huchukua zaidi ya miaka 24,000 kupungua kwa nusu, hivyo kwa hori zetu ni shahidi bora. Kipimo hicho kina gharama yake ya ziada, lakini sisi tulikisikia ripoti ilipokwisha kuandikwa, ilhali tungeweza kuzitafuta fedha hizo mapema.

Huduma hii naipendekeza kwa vikundi vya Jomvu na Port Reitz vinavyopanda mikoko, ila viulizie plutoniamu kabla ya kutia saini, na viombe sehemu ya kila kipande cha tope ihifadhiwe kwa vipimo vya baadaye.