Gene Café au pipa la fundi? Mashine ya kukaangia kahawa kwa nyumba na biashara ndogo

Nakaanga kahawa hapa Moshi, nyingine ya kunywa sisi wenyewe, nyingine ya wateja wangu wachache wenye nyumba za wageni. Mtu akiniuliza anunue mashine gani, kwanza namuuliza anataka kilo ngapi kwa wiki. Hilo ndilo linaloamua kabla ya jina la kampuni.

Ya umeme niliyoitumia sana ni Gene Café, inayotengenezwa Korea Kusini. Ina pipa la kioo linalozunguka kimshazari huku hewa ya moto ikipita ndani, na punje unaziona tangu zikiwa za kijani. Ina vitufe viwili vya kuzungusha: chekundu cha joto, kinachofika nyuzi 250, na cha buluu cha muda. Vyote unavibadilisha kahawa ikiwa inaendelea kukaangika, na hilo nalipenda mno, maana kahawa ngumu ya Kibosho haitaki moto uleule wa robusta ya Kagera. Makapi hujikusanya kwenye chombo chake pembeni. Umeme inaokula ni kama wati 1,300, kwa hiyo mkaango wa dakika 20 haufiki nusu yuniti ya Luku.

Kinachonikera ni kelele. Kahawa ikikaribia nyuzi 200 huanza kupasuka, na mlio ule ndio unaomwongoza mkaangaji. Ukitaka kahawa nyepesi yenye uchachu mzuri, unaitoa muda mfupi baada ya mlio wa kwanza. Ukitaka nyeusi ya kunywea na kashata, unasubiri mlio wa pili. Ndani ya Gene Café feni na punje zinazogonga kioo vinaumeza mlio huo. Namba kwenye skrini nayo ni ya joto la hewa, si la punje. Inabidi utegemee rangi na harufu: kwanza harufu ya majani mabichi, kisha ya mkate, kisha kahawa yenyewe.

Kupoza nako ni kwa polepole. Inapuliza hewa mpaka joto lishuke hadi nyuzi 60, kama dakika 10 hivi, na muda huo kahawa inazidi kuiva. Mimi huikatisha, navaa glavu nene, namwaga kahawa kwenye chekeche la waya juu ya feni.

Sasa piga hesabu, wewe unayetaka kuuza. Mwisho wa pipa ni gramu 300 za kahawa mbichi, na ni heri uweke 250. Kahawa hupoteza kama asilimia 15 ya uzito wake ikikaangwa, kwa hiyo utapata gramu 212, ambazo hazijazi hata pakiti ya robo kilo. Kukaanga na kupoza ni nusu saa. Oda ya kilo tano itakushika saa 12 mfululizo. Kwa nyumba yenye wanywaji wawili watatu Gene Café ni mashine nzuri sana. Kwa duka, hapana.

Kwa biashara ndogo nakushauri bila kusita: nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee pipa la kuzungusha kwa mkono juu ya jiko la gesi. La kuingiza kilo mbili litakutolea kilo 1.7 kwa mara moja, na oda ileile ya kilo tano inakwisha kwa mikaango mitatu. Mlio unausikia vizuri. Umeme ukikatika unaendelea kuzungusha, wakati kwenye mashine ya umeme kahawa inabaki imelala ndani na joto lake, na inaweza kuungua.

Dai chuma cha pua. Kataa kabisa mabati yenye zinki, kwa sababu yakipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu, na kataa pipa lililowahi kuwekwa rangi au oili. Ndani pawe na vibati vya kugeuza punje, mbele pawe na tundu la kuchotea sampuli kwa kijiko kirefu. Kazi hii ifanyie nje au penye upepo. Moshi wa kahawa si wa jikoni.

Kuhusu FreshRoast na mashine nyingine za umeme za Marekani ambazo ndugu hutuma kwenye mizigo: soma kibandiko cha nyuma kwanza. Iliyoandikwa volti 120 ukiichomeka kwenye umeme wetu wa 230 imekwisha, na transfoma ya kubeba mashine yenye hita kubwa hivyo ni nzito na ghali.

Kwa fundi, usimalize malipo kabla ya kujaribu. Nenda na kahawa ya bei ndogo ukaikaange palepale karakana. Punje zikitoka na madoa meusi upande mmoja, aongeze vibati ndani au ainue pipa kidogo kutoka kwenye moto, kisha mkaange tena.