Bustani ya nyumbani Mwanza: kiroba au tuta?

Kila vuli ikikaribia, majirani huulizana: mchicha tupande kwenye viroba au ardhini? Nimelima kwa njia zote mbili na zote nazipenda.

Kwa gharama, tuta linashinda: jembe, samadi na mbegu, basi. Kiroba chenyewe ni bei ndogo, ila udongo wa kukijaza ni kazi, hasa kwetu wa mlimani, Mabatini au Igogo, ambako ukichimba kidogo unagonga jiwe. Udongo unapandishwa kwa ndoo. Lakini huko huko ndiko kiroba kinakostahili heshima: kinakaa juu ya mwamba, na ukitaka unakisogeza kufuata jua.

Maji ndiyo huamua mengi. Kiroba hukauka upesi; Julai na Agosti, mvua imekatika na mwamba unatoa joto mpaka usiku, utamwagilia asubuhi na jioni. Panga kokoto katikati kuanzia chini hadi juu, maji yafike kote. Tuta lililofunikwa nyasi kavu huvumilia zaidi. Masika mambo hugeuka: mvua husomba tuta la mteremkoni, kiroba kikibaki salama.

Magugu? Kwenye kiroba ni machache sana.

Mwenye uwanja tambarare kule Buswelu sioni kwa nini ahangaike na viroba. Mpangaji ni habari nyingine. Mimi nilihama na viroba vyangu 5 juu ya mkokoteni, na wiki ile ile tulichuma sukuma wiki.