Nimenyanyua Hilux yangu mara mbili, ya kwanza najutia

Hilux yangu ni LN106 ya 1994, injini ya dizeli aina ya 3L, springi za bapa mbele na nyuma. Kazi yake ni mpunga, Mngeta hadi Ifakara. Springi zake za kiwandani zilikuwa zimelala kabisa, nikipakia magunia kumi bampa ya nyuma inachora matope.

Fundi mmoja wa Morogoro akaniambia, "Bosi, springi za nini? Tukuwekee shakeli ndefu, jioni unaondoka nalo." Shakeli ni kile chuma kinachoshika ncha moja ya springi kwenye chesisi. Bei, laki moja na ishirini. Gari likapanda, nikapiga na picha.

Raha iliishia barabara ya Mikumi. Ili gari lipande inchi mbili, shakeli inabidi irefuke inchi nne, kwa sababu springi inashushwa ncha moja tu. Hapo ekseli ya mbele inajizungusha kidogo, na usukani unasahau kurudi katikati wenyewe. Mwendo wa themanini, nilikuwa naenda kama mlevi anayetafuta kwao. Basi likinipita nataja Mungu. Na springi zilizochoka zilibaki zilezile, ila sasa zimechokea juu.

Kuna aliyenishauri niweke vipande kati ya bodi na chesisi. Nilikataa. Bodi inapanda, chesisi na tangi la mafuta vinabaki palepale matopeni. Tena rejeta inapanda na bodi wakati injini imebaki chini, feni inaanza kugombana na kava lake.

Mwishowe nikavunja kibubu: seti ya Old Man Emu, za Australia, springi nne na shokapu zake, nimeagizia Dar. Milioni tatu na ushee. Ng'ombe wanne hao. Zinauzwa kwa uzito wa mzigo, na muuzaji akaniuliza kila siku nabeba kilo ngapi. Ulimi ulitaka kusema tani, nionekane mtu wa maana. Nikasema kweli: mia tatu siku nyingi, tani ni msimu wa mavuno. Nikapewa za kati.

Wiki tatu za kwanza, gari likiwa tupu, lilirukaruka hadi mama watoto akachagua kupanda bodaboda. Baadaye zikalainika. Sasa na magunia kumi limekaa sawa mbele na nyuma, na usukani umerudi na akili zake.

Safari hii nilitafuta fundi mwingine, na kazi yake ndiyo imenifurahisha kuliko springi zenyewe. Alikataa yubolti za zamani, zile bolti za umbo la U zinazobana springi kwenye ekseli, akafunga mpya, akaniamuru nirudi baada ya kilomita mia tano azikaze tena. Halafu akalala chini ya gari kwenye kile kimkono kilichoungana na ekseli ya nyuma, kinachoipa breki habari za mzigo. Gari likinyanyuliwa kisirekebishwe, kinadhani umebeba hewa siku zote, na breki za nyuma zinashika kivivu. Yule wa kwanza hakukigusa. Miezi minane nimeteremka milima hivyo!

Anayefikiri difu, lile bonge la katikati ya ekseli, nalo limepanda kwa springi, pole. Difu hupandishwa na tairi. Nimetoka 205R16 kwenda 235/85R16, nikapata sentimita tatu, basi.

Zile shakeli ndefu bado ninazo. Zimekuwa bawaba za mlango wa banda la mbuzi.